Miti ya Babu Yako na Ng'ombe wa Kibugu

Nkatha,

Umeenda kusukwa nywele na najua hutarudi kabla ya chai ya jioni. Kesho ukiamka nitakuwa nimeshafika Maua. Mhariri anataka habari ya wafanyabiashara wa miraa, na watu hao hupatikana kabla ya mapambazuko tu, pikapu zikipakiwa. Baada ya hapo kila mtu yuko barabarani au amelala. Kwa hiyo hatutaagana mlangoni. Baba yako atakusindikiza mpaka stendi upande gari la Kibugu, na yeye ndiye wa kukumbatiana. Mimi nimekaa mezani pako, nimesogeza nyaya zako pembeni, na nina mchana mzima wa kuandika.

Mambo ya kila siku nayaruka. Kibugu kuna baridi na mvua kuliko hapa Kiirua, na hilo unalijua. Kupika unajua, kufua unajua, na watu wa kuepuka unawajua pengine kuliko nilivyowajua mimi nikiwa na umri wako. Kuna jambo moja ninalotaka kukueleza, na nimeamua kuliandika badala ya kulisema kwa sababu nikilisema utanikatiza.

Kesho kutwa utaketi mbele ya kamati ya wafugaji wa Kibugu, nao watataka kujua unawawekea programu ipi ya kutunza kumbukumbu za ng'ombe wao: ile uliyoiandika mwenyewe kwa zana za bure, au ile ya kampuni ya Nairobi. Hujaamua. Nimekuona tangu Jumanne ukifungua moja na kufunga nyingine.

Nilikuwa jikoni mwenyekiti wao, Mama Wawira, alipopiga simu. Uliiweka kwenye spika huku ukikata sukuma wiki. Mama huyo ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto.

"Nkatha, mwanangu, hawa watu wa Nairobi wametuletea kitu inang'aa! Iko na picha ya ng'ombe, iko na rangi. Na ni bure mwaka wa kwanza."

"Na ile yangu, Mama Wawira?"

"Yako ni mzuri, lakini inakaa kama mtihani ya hesabu. Wewe kuja tu. Wamesema watakufanya ajenti wao huku. Utapewa hata tisheti."

Ulicheka, ukamwambia mtaongea ukifika. Kisha ukaweka kisu chini ukaenda chumbani. Sukuma niliimaliza mimi.

Sijui kuandika hata mstari mmoja wa programu. Ninayoyajua ni yale niliyoyaona hapa nyumbani. Kompyuta yako tuliinunua Meru mjini ikiwa imeshatumiwa na mtu mwingine, na haikuchukua muda ikaanza kudai leseni kila ilipowashwa. Fundi mmoja wa sokoni ndiye aliyekufutia kila kitu na kukuwekea mfumo wa bure uitwao Linux. Binamu yako alipoiona alikuuliza kama hiyo ni kompyuta ama ni redio. Lakini wewe ulikuwa umegundua kwamba zana za kuandikia programu unaweza kuzipata bure, kwamba mtu anaruhusiwa kufungua na kusoma zilivyotengenezwa ndani, na kwamba hakuna anayekuuliza cheti cha chuo. Kwa mtu ambaye chuo hakikumchukua, hilo halikuwa jambo dogo. Nililiona usoni mwako, ingawa wakati huo sikulielewa.

Programu yako ya kwanza ya ng'ombe uliiandikia kwenye kompyuta za saiba, zile za kulipia kwa saa, na ilikubali kufanya kazi kwenye kompyuta za aina ile tu. Ukaibeba kwenye flashi mpaka kwa Daktari Mwirigi, daktari wa mifugo, ukamkuta kazini, glavu imempanda mpaka begani. Nilikuwa nawe.

"Sasa, Nkatha," alisema bila kugeuka, "mkono hii iko ndani ya ng'ombe. Hii ingine imeshika mkia. Hiyo kompyuta nitaibonyeza na nini, ulimi?"

Mwenye ng'ombe alicheka mpaka akakaa chini. Wewe ulikasirika njia nzima ya kurudi. Lakini kutokana na kicheko kile ndipo ulipoanza kutafuta zana ambazo mtu akiandika programu mara moja, inafanya kazi kwenye simu ya bei ya chini, kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi, na kwenye hiyo redio yako pia. Ulijaribu moja ukaiacha kwa sababu waliokuwa wakiitunza walikuwa wamechoka nayo, na hitilafu zilikaa miezi bila mtu wa kuzigusa. Ukajaribu nyingine. Kuna siku ilijisasisha na kila ulichokuwa umekijenga kikalala. Uliandika kwenye jukwaa lao kuomba msaada, mtu wa mbali akakujibu kwa jeuri kwamba usome maelekezo. Ukasoma. Maelekezo ndiyo yaliyokuwa na kosa. Ukayarekebisha, ukayatuma, na mtu mwingine akakuandikia kukushukuru. Siku hiyo uliunguza viazi vyote na hukuona.

Nayataja haya ili usidhani nimesahau kwamba bure yako ina jasho lake. Programu ya Nairobi haikuunguzii viazi.

Sasa nikueleze habari ya miti ya babu yako, ambayo umewahi kuisikia kwa mjomba wako Mutuma kama kichekesho. Nilikuwepo, na sehemu yangu huwa haitajwi.

Babu yako alikuwa na miti ya miraa aliyoachiwa na baba yake, mikongwe, mashina yamepinda kama viwiko. Goti lilipoanza kumsumbua na wezi wa miraa walipomchosha, aliamua kuikodisha kwa mfanyabiashara mmoja wa Maua. Kule kwetu Igembe hilo ni jambo la kawaida. Mtu anakodi miti kwa misimu kadhaa, analeta wachumaji wake na mlinzi wake, na mwenye shamba anakaa kivulini. Makubaliano yalifanywa kwa mdomo, sebuleni, mbele ya mashahidi. Mimi nilikuwa nimeanza kazi ya uandishi karibuni, na babu yako akaniita niketi upande wake kwa sababu nilikuwa mtu wa kuuliza maswali.

Niliuliza. Ni misimu mingapi, malipo yatakuja lini, mti ukikauka hasara ni ya nani. Yule mfanyabiashara alijibu yote bila kusita, na nikamwambia babu yako mambo ni safi. Sikuuliza ni nani ataruhusiwa kuchuma. Lingeonekana swali la kijinga. Miti ilikuwa ya baba.

Mutuma akapata mchumba. Unajua desturi yetu: wazee hawaendi kuposa mikono mitupu, hubeba ncoolo, furushi la miraa iliyochaguliwa vizuri na kufungwa kwa majani ya mgomba, na mazungumzo hayaanzi mpaka furushi hilo lipokelewe. Mwenye miti huchuma kwenye miti yake. Asubuhi ya safari babu yako alivaa koti, akachukua fimbo, akateremka shambani pamoja nami na kijana wa kukwea miti. Mlinzi alikuwa Kobia, mtoto wa jirani, ambaye babu yako alimjua tangu akibebwa mgongoni.

"Kobia, umeamkaje. Tunachuma kidogo, ya ncoolo ya Mutuma."

"Mzee, haiwezekani. Nimeambiwa nisiruhusu mtu yeyote."

"Mimi ni mtu yeyote?"

Kobia alivua kofia. "Mzee, wewe ndio nilitajiwa kwanza."

Hakusema kwa dharau. Alikuwa kijana wa heshima aliyepewa kazi. Tukampigia simu mfanyabiashara; alikuwa amesindikiza mzigo Nairobi na simu imezimwa. Tukasubiri. Wazee walikuwa wamekaa uani na masuti yao, na jua lilikuwa limeanza kuwapata. Mwishowe Mutuma akachukua pikipiki mpaka Maua akanunua furushi sokoni, tukalifunga upya kwa majani ya mgomba ya nyumbani ili lionekane letu.

Kwa wenyeji wetu mzee mmoja alilifungua, akatazama rangi ya vijiti, akatafuna kidogo.

"Hii ni ya mti gani?"

Babu yako angeweza kusema uongo, na sidhani kuna ambaye angemfuata shambani kuhakikisha. Alisema, "Ya sokoni."

Kisha mtu wa upande wa pili akasema, "Mtu wa Igembe amenunua miraa! Kesho tutasikia amenunua mvua." Walicheka wote, na baadhi ya wetu pia. Ncoolo ilipokelewa, Mutuma alioa, na unawajua watoto wake. Hakuna kilichoharibika ambacho mtu angekiona. Ila babu yako, mpaka misimu ile ilipokwisha, alikuwa akitaka kwenda kisimani anazunguka njia ya juu ili asipite katikati ya miti yake.

Mfanyabiashara aliporudi na kusikia, alikuja mwenyewe kuomba radhi. Alisema angeombwa angeruhusu mara moja. Namwamini. Hakuvunja neno hata moja la tuliyokubaliana. Lakini ilibidi aombwe, na siku ya kuombwa hakupatikana, na swali ambalo lingezuia hayo lilikuwa kazi yangu kuliuliza.

Kwa sababu hiyo Jumatano niliipigia simu kampuni ya Nairobi. Nilijitambulisha kwa jina, kwa kazi, na kwamba mimi ni mama yako. Aliyepokea ni msichana mchangamfu, na nilimpenda.

"Chama kikitaka kuacha kutumia programu yenu," nilimuuliza, "kinaondokaje na kumbukumbu za ng'ombe wake?"

"Kuondoka kwenda wapi, madam?"

"Popote."

"Aki madam, hiyo hakuna mtu ametuuliza. Hebu ngoja." Nikasikia wakishauriana. Akarudi. "Tutawatumia ripoti. Kwa PDF. Iko na nembo na kila kitu."

"Ripoti hiyo mtu anaweza kuiingiza kwenye programu nyingine?"

"Hapo sasa atachapa upya, madam."

Nikamuuliza kama inafanya kazi mahali pasipo na mtandao. Akasema inataka bando, lakini siku hizi mtandao uko kila mahali. Hajafika juu ya Kibugu, kule chai inapokutana na msitu. Nikamuuliza kuhusu kompyuta za zamani, akasema wao ni simu tu, tena ziwe za karibuni. Alijibu yote kwa ukweli na nikamshukuru. Si wezi. Wanafanya biashara ya kukodisha, kama yule wa Maua.

Unajua kuliko mimi kilichomo ndani ya kumbukumbu hizo: ng'ombe alipandishwa lini, anatarajiwa kuzaa lini, alidungwa dawa gani na maziwa yake yasiuzwe mpaka siku gani. Siku ambayo mama mmoja wa Kibugu hataweza kuzifungua, ama atamwaga maziwa mazuri, ama atayapeleka mabaya na mtoto wa mtu atayanywa.

Ulidhani labda barua inaishia hapa. Programu yako nayo niliihoji, Jumamosi ile uliponiona nikikusumbua mezani. Nilikuuliza swali lile lile na ukanijibu, "Mami, ziko kwa faili ya kawaida tu, hata wewe unaweza kufungua." Nilifungua. Niliona majina ya ng'ombe yamepangwa kwa mistari, Kananu, Baraka, Mrembo, na tarehe zao, nikaelewa bila kufundishwa. Bila mtandao ilifanya kazi. Kwenye simu yangu ilifanya kazi. Kwenye ile kompyuta kuukuu ya Daktari Mwirigi ilikataa kufunguka, ukasema ni kitu kidogo. Huenda. Sijakusikia ukisema umekirekebisha.

Kisha nilikuuliza swali ambalo jibu lake halikuniridhisha. Ukiugua, ukiolewa, ukipata kazi bora mahali pengine, ni nani Kibugu atakayeweza kuirekebisha? Ulisema, "Mtu yeyote, Mami. Imeachwa wazi, kila kitu kinaonekana." Nikaomba nionyeshwe. Uliniwekea kurasa na kurasa za maandishi yako, bila hata sentensi moja ya kumweleza mgeni aanzie wapi. Nilipouliza neno fulani maana yake nini, ulisema hilo unalijua wewe tu, ulilitunga usiku mmoja ukiwa umechoka.

Nimelifikiria hilo kuliko yote. Umekaa miaka ukiamini kwamba kwa kuchagua zana ambazo hazina mwenyewe, umewaachia watu wako mlango wazi. Zana ni huru, nakubali. Lakini kama anayeielewa programu ni wewe peke yako, kila mfugaji wa Kibugu akitaka kitu itabidi akuombe, na kuna siku simu yako itakuwa imezimwa. Hutakuwa na nia mbaya. Kobia pia hakuwa nayo. Mtu anaweza kusimama langoni na asijue kwamba ni lango.

Mimi nilifanya hivyo kazini. Kwa miaka mingi nilikuwa mwandishi pekee wa eneo hili aliyejua ni nani wa kupigiwa simu wapi, na nilifurahia kuwa peke yangu. Nilipolazwa hospitalini kulitokea maporomoko ya ardhi, na kijana aliyetumwa badala yangu hakujua hata pa kuanzia. Habari ilitoka imepindika na majina ya waliofiwa yamekosewa. Nilitoka hospitalini watu wakinisifu kwamba bila mimi mambo hayaendi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hiyo haikuwa sifa.

Kwa hiyo, kuhusu kesho kutwa. Sikuambii uchague ipi, kwa sababu nikikuambia utaichagua nyingine, na kwa sababu kusema kweli uamuzi haukuwa wako tangu mwanzo. Umekuwa ukizunguka chumba hiki kama kwamba ni wewe unayechagua. Wewe unapeleka habari. Ipeleke yote.

Wakikuuliza, anza na yale ambayo programu yako haiwezi: haing'ai, imekataa kompyuta moja niliyoiona kwa macho yangu, haina msichana wa kupokea simu, na kwa sasa anayeijua ni mtu mmoja. Taja unalotaka kulifanya kuhusu hilo la mwisho. Kama huna unalotaka kulifanya, liseme hivyo pia. Kisha waeleze ya Nairobi inaweza nini na haiwezi nini, pamoja na majibu niliyopewa, na uwaambie niliyapata kwa nani. Usiipake matope. Yule msichana alinijibu vizuri.

Mama Wawira atakukatiza. Mwache akukatize, kisha endelea pale ulipoachia. Wenye ng'ombe wengi watataka kuzungumza kuliko wengine. Wasubiri wale wa ng'ombe mmoja. Huenda wakachagua ile inayong'aa. Ikiwa hivyo, wawekee vizuri, siku hiyo hiyo, bila kununa, na uvae tisheti. Huenda wakachagua yako. Hapo kazi yako ya kwanza isiwe kuiongezea rangi. Mtafute mtu wa pale, anayeishi pale, mkae naye mpaka aweze kuifungua, kuivunja na kuirudisha wewe ukiwa umetoka nje.

Na ukishamaliza kuwaeleza, keti na unyamaze, hata kama kimya kitakuwa kirefu, hata kama unaona wanaelekea kukosea. Ng'ombe ni wao.

Nimerudisha nyaya zako zilipokuwa. Nadhani.

Mama yako